Kumbe ni hewa iliyomlaza Barthez

Juni 3, 1997, mjini Lyon, Ufaransa ikicheza na Brazil, Roberto Carlos alitenga mpira mita 35 hivi kutoka golini. Akarudi nyuma hatua nyingi, akakimbia, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Mpira ukapita nje kabisa ya ukuta, upande wa kulia. Muokota mipira aliyekuwa pembeni ya goli akainamisha kichwa. Ghafla ukakata kona, ukagonga nguzo kwa ndani, ukatinga wavuni. Kipa Fabien Barthez hakusogea.

Tangu siku hiyo vijiweni ni ubishi tu: ufundi au bahati?

Jibu liko kwenye hewa. Hewa nayo hutiririka kama maji, na mpira ukipigwa lazima uipasue. Carlos aliupiga kwa nje ya mguu, akiugusa upande wake wa kulia, ukaenda huku unazunguka kama pia. Mpira unaozunguka huivuta hewa inayougusa na kuitupa nyuma. Huu uliitupa kuelekea kulia, na hewa ikajibu kwa kuusukuma mpira kushoto. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliieleza nguvu hiyo mwaka 1852.

Sasa mbona ulichelewa kukata? Hapo ishu ni kasi. Mpira ukiwa mkali sana, njia yake hupinda kidogo tu. Kadiri ulivyosafiri, hewa iliupunguza mwendo, lakini kuzunguka kwake hakukupungua sana. Mwendo ukishuka na mzunguko ukabaki, kona inazidi kuwa kali. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walifyatua vigololi vya plastiki ndani ya maji, navyo vikajikunja hivyohivyo, mfano wa gamba la konokono.

Ndiyo maana faulo ya mita 20 haiwezi kufanya vile. Mpira unafika golini kabla kona haijakolea. Anayetaka kuirudia anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: umbali, nguvu na mzunguko. Kupinda kule hakukuwa bahati. Bahati, kama ilikuwepo, ni zile sentimita chache za nguzo.

Barthez naye asilaumiwe sana. Alipouona ukipita ukuta, kweli ulikuwa unatoka nje. Kona yenyewe ilikuwa bado mbele.