Kinga na Kinga: Mjadala wa Bastola katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili zinazovutana. Kinga ni kitu kimlindacho mtu asipatwe na dhara. Kinga vilevile ni kijinga cha moto, kama isemavyo methali: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana hizo mbili ndizo zinazowagawanya wanazuoni, wanafunzi na wabunge wa Marekani juu ya swali hili: je, mwenye kibali aruhusiwe kuingia darasani akiwa na bastola aliyoificha chini ya nguo au ndani ya mkoba?

Swali hilo halieleweki bila kuitazama sheria ya nchi hiyo. Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, linalinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi; lakini iliongeza kuwa hukumu yake haikutilia shaka marufuku ya silaha katika mahali nyeti kama vile shule na majengo ya serikali. Kwa hiyo kila jimbo limejitungia utaratibu wake. Yako majimbo yanayokataza, yako yanayoviachia vyuo uamuzi, na yako yanayovilazimisha vyuo vya umma kukubali. Utah ni miongoni mwa yaliyotangulia: mwaka 2006 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilikinyima Chuo Kikuu cha Utah uwezo wa kupiga marufuku silaha kinyume cha sheria ya jimbo.

Mjadala ulipamba moto baada ya tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi mmoja alipowaua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech. Mwaka huohuo wanafunzi waliunda chama cha kutetea ubebaji wa silaha vyuoni. Hoja yao ni kwamba marufuku humfunga mikono mtu mwema peke yake, kwani muuaji hasomi matangazo ya mlangoni. Na kwamba mtu aliyeaminiwa na serikali kubeba bastola sokoni habadiliki tabia avukapo lango la chuo.

Wapinzani hujibu kwamba chuo si soko. Humo wanaishi vijana wengi pamoja, wenye misongo ya mitihani, ulevi wa mabwenini na majonzi ya ujana. Bastola iliyo karibu huweza kuugeuza ugomvi kuwa mauaji, na huzuni ya usiku mmoja kuwa kujiua. Tena, askari wanaoingia katika jengo lenye vurugu watamtambuaje muuaji na mtetezi, iwapo wote wawili wameshika bastola? Mwaka 2015, watu 9 walipouawa katika chuo cha Umpqua, Oregon, mwanafunzi mmoja aliyekuwa na silaha yake alibaki alipokuwa, akihofia kwamba polisi wangemdhania ndiye mshambuliaji.

Texas ndiyo iliyoupa mjadala huu sura yake kamili. Tarehe 1 Agosti 1966 Charles Whitman alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, akaua watu zaidi ya 10 na kujeruhi zaidi ya 30. Raia kadhaa walimjibu kwa bunduki zao kutoka chini. Watetezi husema risasi hizo zilimzuia. Wapinzani hukumbusha kwamba ziliwahatarisha pia askari waliopanda kumkabili. Miaka 50 kamili baadaye, tarehe 1 Agosti 2016, sheria ya kuruhusu bastola zilizofichwa ndani ya majengo ya vyuo vikuu vya umma ilianza kutumika jimboni humo. Wakati huo kibali kilitolewa kwa kawaida kwa aliyetimiza miaka 21. Vyuo vya binafsi vilipewa hiari, na karibu vyote vilikataa.

Mkuu wa vyuo vikuu vya mfumo wa Texas wakati huo, William McRaven, aliyekuwa amirali wa jeshi la majini, aliipinga sheria hiyo. Walimu watatu waliishtaki, wakidai kwamba hofu ya silaha ingezima mazungumzo darasani. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ilikataa dai lao: hofu ya jambo ambalo huenda lisitokee haikutosha kuwapa haki ya kushtaki.

Hapo ndipo penye kiini. Bastola iliyofichwa haionekani. Mwalimu hawezi kujua kama ipo au haipo, na mwanafunzi vivyo hivyo. Anayeiamini hupata utulivu kwa kutojulikana huko, anayeiogopa hunyamaza kwa sababu hiyohiyo. Mahakama huweza kuhesabu vibali na majeruhi. Swali ambalo halikuulizwa, kwa sababu aliyetaka kuuliza alitazama mkoba wa jirani yake, halimo katika hesabu yoyote. Na chuo kikuu huishi kwa maswali.