Kwa nini kodi ya vibanda Nairobi haipatani na hali ya chumba

MPANGAJI wa chumba cha mabati katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi hudaiwa kodi kila mwezi, na akichelewa mlango wake hutiwa kufuli. Hata hivyo, kwa fedha hizo mara nyingi hapati bomba la maji wala choo chake mwenyewe.

Kitendawili hicho cha nyumba duni kwa bei ghali kilichunguzwa na watafiti Sumila Gulyani na Debabrata Talukdar, ambao makala yao ilichapishwa mwaka 2008 katika jarida la World Development. Takwimu walizotumia zilikusanywa mwaka 2004 kutoka kaya 1,755. Ilibainika kwamba asilimia 92 ya kaya hizo zilikuwa za wapangaji, na kodi iliyolipwa mitaani humo kwa mwaka ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 31. Hiyo si biashara ya kujikimu.

Chanzo kikuu ni ardhi. Sehemu kubwa ya Kibera, kwa mfano, ni mali ya serikali. Anayejenga humo hana hati miliki. Aghalabu alichonacho ni ruhusa ya mdomo kutoka kwa chifu. Kwa kuwa tingatinga laweza kufika siku yoyote, hujenga kwa udongo, miti na mabati ili mtaji urudi upesi. Kuingiza maji au kujenga choo bora, kwake, ni kutupa fedha. Mpangaji naye hulipa mara mbili: kodi kwa mwenye kibanda, kisha bei ya mtungi kwa mchuuzi wa maji. Kuhama si rahisi, kwani chumba cha mawe kimezidi uwezo wake, na anahitaji kuishi mahali anapoweza kutembea kwa miguu hadi kwenye kibarua.

Uchunguzi kama huo uliofanywa Dakar, Senegal, mwaka huo wa 2004, ulitoa picha tofauti. Wakazi wa mitaa duni ya huko walikuwa na elimu na ajira haba kuliko wenzao wa Nairobi, lakini waliishi katika mazingira bora zaidi. Wengi wao walimiliki makazi yao.

Kupunguza kodi kwa amri kulikwisha kujaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 2001, Rais Daniel arap Moi alipotaka kodi ya Kibera ishushwe, wapangaji na wenye nyumba walipigana. Watu kadhaa waliuawa na maelfu wakakimbia. Suala la umiliki wa ardhi, ambalo ndilo mzizi, halikuguswa.

Septemba 2009 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Soweto Mashariki katika maghorofa mapya ya Lang'ata, yenye maji na umeme. Haukupita muda mrefu kabla baadhi yao hawajaanza kuwapangishia wengine vyumba hivyo ili wapate fedha.