Unga wa Nguvu katika Begi la Kuruta

Mafunzo katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za Mafinga, mkoani Iringa, na Itende, mkoani Mbeya, huukamua mwili: mchakamchaka alfajiri, kwata, kazi za mikono, na baridi ya nyanda za juu. Mafinga iko karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kijana anayetamani kufaulu, na kisha kuingia vikosi vyenye mazoezi makali zaidi, hushawishika kirahisi na makopo ya virutubishi nyongeza.

Unga wa protini ndio unaosifiwa kuliko vyote, na pengine ndio unaohitajika kidogo kuliko vyote. Mwenye kilo 70 anayefanya mazoezi mazito huhitaji protini gramu 84 hadi 119 kwa siku. Maharage makavu gramu 150 hutoa gramu 30 hivi; dagaa wakavu gramu 50 hutoa karibu kiasi hicho hicho, na unga wa mahindi gramu 400 nao vivyo hivyo. Sahani ya kawaida, ikijaa, inatosha.

Kriatini ina ushahidi mzuri wa kuongeza nguvu za muda mfupi, kwa gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hata hivyo, hupandisha kriatinini katika damu bila figo kuwa na ugonjwa. Mganga asiyeuliza anaweza kumtangazia kijana mzima maradhi ya figo.

Madini ya chuma yanataka uangalifu zaidi, hasa kwa wasichana wanaopoteza damu kila mwezi. Kwa kuwa hemoglobini hupanda kadiri mtu anavyoishi juu, kipimo kinachotosha Dar es Salaam kinaweza kuwa pungufu Mafinga. Kupima kutangulie vidonge. Na chai, zao linalojivuniwa Mufindi na Rungwe, huzuia chuma kufyonzwa; ni heri inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, na mlo wenyewe uambatane na pera au chungwa.

Hatari kubwa imo katika vichangamsho vinavyouzwa kama vya kuamsha mwili kabla ya mazoezi. Mwaka 2011 askari wawili wa Marekani walifariki wakiwa mazoezini, na vipimo vikaonyesha kemikali iitwayo DMAA mwilini mwao. Uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha kwamba ndiyo iliyowaua. Hata hivyo jeshi lilikwisha kuziondoa bidhaa hizo katika maduka ya kambi zake. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: hakuna medali inayostahili moyo uliosimama.

Nchini Tanzania, tangu 2019 usimamizi wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa chini ya TMDA. Kopo lisilo na alama ya usajili wala orodha kamili ya viambato lisiliwe.

Kuruta wengi watanyamaza wakihofia kuondolewa kambini, kwa hiyo mhudumu aulize kwa upole, bila kukemea. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito baada ya mazoezi, misuli ikiuma na kuvimba, au moyo ukienda mbio hata mtu akiwa amepumzika, aache mazoezi papo hapo, apelekwe kituo cha afya, na kopo lenyewe lipelekwe pamoja naye.