Usitupe Hedifoni kwa Sponji Iliyooza



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kazi ya mikono ambayo mimi huifanya usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala. Kazi hiyo ni kufufua hedifoni za zamani, yaani vile visikilizio vinavyovaliwa kichwani. Najua wapo watakaocheka na kusema: mtu mzima na akili zake anakesha na hedifoni iliyotengenezwa mwaka 1976! Wacheke, lakini wasikilize hadi mwisho. Ndani ya kazi hii limo swali linalomhusu kila mwenye kitu cha zamani nyumbani kwake. Je, kitu kikisemekana kimekufa, ni nini hasa kilichokufa?

Sizungumzii kila hedifoni. Nazungumzia aina moja, ambayo hapa nitaiita hedifoni ya utando bapa. Ili tuelewane, tuanze na ile ya kawaida.

Ndani ya hedifoni ya kawaida kuna kikombe kidogo cha plastiki au karatasi. Katikati yake pamegandishwa koili ya waya mwembamba, nayo koili imekaa ndani ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, inakisukuma kikombe, kikombe kinasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti. Ni spika ya redio iliyofanywa ndogo. Tatizo lake ni kwamba nguvu yote inaingia mahali pamoja. Ni kama kuusukuma mkeka kwa fimbo moja katikati: pale penye fimbo panakwenda, pembeni panabaki pakipepea.

Hedifoni ya utando bapa haina kikombe wala koili ya kuviringisha. Ina utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele wa kichwani, na juu ya utando huo imetandazwa njia ya umeme ya alumini au shaba, inayozunguka karibu eneo lake lote. Katika zile ninazozizungumzia leo, mbele na nyuma ya utando kuna sumaku zenye matundu ya kupitishia sauti. Sumaku hizo zimepangwa ncha zinazofanana zikitazamana, kwa hiyo zinasukumana, na nguvu zake zinalazimika kulala sambamba na utando. Umeme ukipita, utando mzima unakwenda kwa pamoja, kama jamvi linaloinuliwa na watu walioshika kila upande. Matokeo yake ni sauti safi, yenye besi iliyotulia na isiyokwaruza.

Wazo hili si la jana. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Wharfedale ya Uingereza ilikuwa na hedifoni ya namna hii, na mwaka 1976 Yamaha ya Japani ikatoa HP-1, ikaipa teknolojia yake jina la Orthodynamic. Umbo la HP-1 lilichorwa na Mario Bellini, msanifu wa Italia ambaye pia alichora umbo la mashine ya hesabu ya Olivetti iitwayo Programma 101. Fostex, nayo ya Japani, ikatoa za kwake. Hata Muungano wa Kisovieti ulizitengeneza.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hedifoni hizi zilikuwa zimefifia, na sababu zake zinaeleweka. Hedifoni ya koili ilikuwa rahisi kuitengeneza, ilikuwa nyepesi, na ililia vizuri hata kwenye redio kaseti ndogo ya mfukoni. Hii ya utando ilibeba uzito wa sumaku mbili kila upande na ilidai amplifaya yenye nguvu. Basi zikaingia makabatini. Zilirudi kwa kishindo baada ya kampuni kama Audeze ya California, iliyoanzishwa mwaka 2008, kuzitengeneza upya na kuziuza kwa bei kubwa. Katika miaka hii ya 2020 Yamaha wenyewe wamerudi na YH-5000SE, na wamelitoa tena kabatini jina lao la Orthodynamic.

Sasa nakuomba utege sikio, ndugu msikilizaji, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Zile zilizokaa makabatini miaka arobaini na zaidi, nyingi ni nzima. Utando wake hausuguani na kitu chochote, kwa hiyo hauchakai kama kiatu. Sumaku zake haziishiwi nguvu kwa kuwekwa tu. Kinachooza ni vitu vya pembeni. Sponji iliyowekwa ndani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, hata kama hedifoni haikuguswa na mtu, mwisho inakuwa unga mweusi unaonata. Ngozi bandia ya mito ya masikio inabanduka magamba. Waya unakatika pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Mwenye kitu anasikia upande mmoja kimya, anaona uchafu mweusi mabegani mwake, anasema imekufa. Mimi nimepata kuuziwa moja na mtu aliyeniapia kwamba upande wa kushoto umekwisha. Ulikuwa mzima kabisa. Kilichokwisha ni waya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kufufua ni kushika mita ya kupimia umeme. Bisibisi ingoje. Katika hedifoni ya kawaida koili inatatanisha kidogo, lakini katika hii njia ya umeme ni karibu ukinzani mtupu, hivyo mita inasema kweli. HP-1 inapaswa kuonyesha karibu ohm 150 kila upande. Fostex T50RP karibu ohm 50. Pande mbili zikikaribiana, tando zote mbili zi hai. Upande mmoja usiposoma kitu, usikimbilie kuhukumu utando. Kata waya sentimita chache juu ya pini, upime tena. Mara nyingi uhai unarudi hapo hapo, na kazi iliyobaki ni kuunganisha pini mpya.

Hatua ya pili ni kusafisha, na hapa mtu mwenye pupa hana nafasi. Ule unga wa sponji ukipenya kwenye matundu ya sumaku unakaa juu ya utando, na kila besi ikilia unasikia mkwaruzo kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Igeuze hedifoni uso chini ili uchafu uanguke nje, usirudi ndani. Tumia brashi laini. Usipulize kwa pampu ya upepo, maana utando unaweza kutanuka na hautarudi ulivyokuwa. Fanya kazi juu ya kitambaa safi, kwa sababu vumbi la chuma likirukia sumaku ni vigumu kulitoa. Na bisibisi ya chuma ikae mbali na matundu. Sumaku inaweza kuivuta kutoka mkononi, ncha ikapita tunduni, na utando ukatoboka. Hakuna duka linalouza utando mpya wa HP-1.

Kwa sababu hiyo hiyo nashauri mtu asifungue kile kifuko cha sumaku mbili chenye utando katikati. Nilisema sumaku zile zinasukumana. Ukilegeza kinachozishikilia zinafyatuka, na utando uliokuwa umetandazwa kiwandani unabaki na mikunjo. Mita ikisema utando u hai, kifuko kiache kilivyo.

Hatua ya tatu ni mito mipya. Watu wengi hudhani mto wa sikio ni wa starehe tu, kama mto wa kitandani. La, mto huo ni sehemu ya chombo. Besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya utando na sikio, na mahali hewa inapovuja, besi inatoroka. Kipimo chake ni rahisi: vaa hedifoni, cheza wimbo wenye besi, kisha bonyeza mito taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, kuna uvujaji. Wangapi wameilaumu hedifoni ya zamani kwamba haina besi, kumbe mto umesinyaa!

Ukifika hapo umefufua. Sasa linakuja jambo la pili, ambalo ni kubadilisha, na hili ni tofauti na la kwanza.

Utando ukisukuma hewa mbele kwenda sikioni, unasukuma hewa nyingine nyuma, kwenda ndani ya ganda. Sauti hiyo ya nyuma inagonga ukuta wa ganda na kurudi, na kwa kuwa utando ni mwembamba, inapenya na kukufikia ikiwa imechelewa. Isitoshe, utando usipopata kizuizi cha hewa unaendelea kutetemeka baada ya muziki kunyamaza, kama debe lililogongwa. Dawa yake ni kitambaa cha felti nyuma ya sumaku, kinachoipunguza hewa kasi. Kikiwa chepesi mno, besi inavimba na kuvurugika. Kikiwa kizito mno, besi inakauka. Kazi yote ni kutafuta mahali pa katikati. Wengine hujaza pamba au sufi ndani ya ganda ili kumeza mwangwi. Katika ile Fostex T50RP, ambayo ganda lake ni la plastiki, wengi hubandika ukutani udongo wa plastisini, ule ule wa kuchezea watoto, ili ganda liwe zito na lisitetemeke.

Usiyadharau mambo haya madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mmarekani mmoja, Dan Clark, alikuwa akiuza hedifoni za T50RP alizozibadilisha mwenyewe kwa njia kama hizi. Leo kampuni yenye jina lake inatengeneza hedifoni zake yenyewe na kuziuza duniani. Alianza na cha mwenzake, akakielewa, kisha akatengeneza chake.

Lakini mbadilishaji ana adui mmoja, naye ni sikio lake mwenyewe. Sikio hupenda kinacholia kwa nguvu zaidi. Ukibadilisha felti na sauti ikapanda kidogo tu, utaapa kwamba umeboresha, kumbe umeongeza sauti. Kwa hiyo kila unapolinganisha, kwanza sawazisha ukubwa wa sauti. Pili, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua ni lipi lililoponya na lipi lililoharibu. Tatu, badilisha upande mmoja tu, kisha cheza sauti ile ile pande zote mbili, ulinganishe kulia na kushoto. Halafu geuza hedifoni, ya kulia ivaliwe kushoto, maana masikio yetu yenyewe hayalingani. Mimi hutumia sauti ya mtangazaji mwenzangu iliyorekodiwa. Mwimbaji wa Ulaya sijui alisikikaje siku ile studio, lakini huyu mwenzangu nakunywa naye chai kila asubuhi. Hedifoni ikimpa kifua asichokuwa nacho, naijua kwamba inadanganya.

Sasa nifike mahali ambapo sipatani na baadhi ya wapenzi wa kazi hii. Wapo wanaochukua HP-1 nzima, wakatoboa ganda lake, wakang'oa utepe wake wa kichwani, wakamwaga gundi isiyobanduka, ili tu wapate besi kidogo zaidi. Wanasema: ni mali yangu, nimeinunua kwa fedha zangu. Ni kweli. Lakini idadi ya vitu hivi haiongezeki tena, inapungua tu. Kila ganda linalotobolewa limetobolewa kwa niaba ya wote watakaokuja, ambao hawatapata kusikia wala kuona kile walichokitengeneza wale mafundi na yule msanifu. Na besi ile ingeweza kupatikana kwa kipande cha felti kinachoondoka kwa vidole.

Mimi nina kanuni mbili. Kitu kisichotengenezwa tena nakirudisha katika hali yake, na lolote ninaloongeza liwe la kuweza kutolewa na mtu mwingine bila kuacha kovu. Vipande vya asili nilivyovitoa, hata vikiwa vimechakaa, naviweka katika bahasha pamoja na karatasi inayoeleza nilichofanya. Kitu ambacho kiwandani kingali kinatoka, kama ukoo wa T50RP, hicho ndicho cha kujifunzia. Kitoboe, kipake udongo, kibadilishe utakavyo. Kikiharibika umepoteza fedha zako, basi.

Wahenga walituonya: usitupe mbacha kwa msala upitao. Mimi naongeza kwamba hata anayeutunza mbacha aangalie asiukate vipande kwa kutaka kuupendezesha. Kama unayo hedifoni ya zamani kabatini, kabla ya kuitupa na kabla ya kuichokonoa, kwanza ipime. Azima mita kwa fundi redio wa mtaani kwenu, gusa ncha mbili kwenye pini, na usome namba. Ni kazi ya dakika moja.

Hadi juma lijalo, nawatakia usikilizaji mwema.