Goma: Mazuku, upepo wa wazee na gesi ya wanasayansi

Asubuhi, mbele upepo uanze kuvuma, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake mbuzi anaweza kukutwa amekufa ndani ya shimo, bila kidonda wala damu. Wakaaji wa pale hawaulizi mengi. Wanasema: mazuku.

Kwa wazee, mazuku ni upepo mbaya unaotembea usiku na kuua. Kwa wanasayansi ni kaboni dioksidi, gesi inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo sababu inajikusanya mahali pa chini, hasa usiku kukiwa hakuna upepo.

Watafiti waliokuja na mashine zao hawakutafuta jina lingine. Waliandika neno hilohilo, mazuku, katika majarida ya sayansi ya Ulaya. Walikuwa na haki. Wazee walikosea juu ya kinachoua, lakini hawakukosea juu ya mahali, saa na hatari: usilale bondeni, usiache mtoto acheze humo, mbwa akianguka usimfuate.

Mlima Nyiragongo nao una hadithi yake. Katika imani ya Lyangombe, inayojulikana Rwanda na kandokando ya Virunga, roho za waliopokelewa katika ibada yake huenda Karisimbi, na wengine hutupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Hakuna mashine inayoweza kupima hayo. Hata hivyo, moto ulikuwa kweli: mwaka wa 1948 Haroun Tazieff alishuka ndani ya kreta akakuta ziwa la mawe yaliyoyeyuka.

Tarehe 17 Januari 2002 moto huo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa pia. Kwa anayehubiri kwamba volkano ni azabu kwa wenye zambi, hapo pana kazi ya kueleza. Lakini mama aliyepoteza mtoto haulizi lava ilipita kwenye ufa gani. Anauliza kwa nini mtoto wake, na swali hilo hulipeleka kwa padri, pasta au imamu, si kwenye Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma (OVG).

Kituo hicho nacho kilijaribiwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka jioni, bila watu kuonywa mapema. Mradi wa Benki ya Dunia uliokisaidia ulikuwa umeisha mwaka wa 2020. Siku tano baadaye, viongozi waliamuru mitaa 10 ya Goma ihamwe, kwa kuogopa mlipuko mwingine chini ya mji au ziwa. Watu mamia ya maelfu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Mlipuko huo haukutokea.

Kuna waliosema wanasayansi walidanganya. Hapana. Magma ilikuwa chini ya mji kweli, na matetemeko yalipasua barabara na nyumba. Sayansi inasema hatari ni kubwa kiasi gani, mkaaji anataka kusikia ndiyo au hapana. Katika nafasi hiyo kati yao ndipo uvumi unaingia, pamoja na unabii wa kila aina.

Kwa mazuku, nafasi hiyo inaua haraka zaidi. Huko Bulengo, magaribi ya Goma, familia zilizokimbia vita Masisi zilijenga vibanda vyao kwenye ardhi inayotoa gesi hiyo. Wengi walikuwa wageni pale. Hawakukua wakisikia wazee wakionyesha kwa kidole: shimo lile, usiku, hapana.