Kandege ka Taita Hakapatikani Kwingine Duniani: Hii Ndiyo Rada ya Kukaona

Wasee wengi wakisikia Taita wanafikiria ndovu wa Tsavo. Lakini panda milima ya Wundanyi mpaka kwa ile misitu ya ukungu, utapata kandege kanaitwa apalisi wa Taita. Dunia nzima kanaishi hapo tu. Ukipakia wote waliobaki kwa ile treni ya SGR inayokushukisha Voi, haiwezi jaa.

Sasa unakaonaje? Ukifika Voi, dandia matatu ya Wundanyi, halafu boda mpaka msitu wa Ngangao. Tafuta mwenyeji akutembeze. Anajua kona zote, na doh yako inampa sababu ya kulinda huo msitu. Ingia asubuhi mapema. Beba koti ya mvua, juu kuna baridi na matope hata kama Voi jua inachoma.

Usikodolee macho juu ya miti. Haka kanapenda vichaka vizito vya chini, hasa pale mti ulianguka mwanga ukaingia. Simama, nyamaza, skiza. Mara nyingi utakasikia kabla ukaone. Kana sentimita 11 hivi: mgongo wa kijivu, koo nyeusi, tumbo jeupe-jeupe, mkia mrefu mwembamba. Ukiona ka kijani kenye duara kubwa jeupe machoni, hako ni kandege kengine ka hapo Taita, si haka.

Kitu moja usijaribu: kucheza sauti yake kwa simu ndio katokee. Kanadhani mgeni amevamia mtaa wake, kanaacha kutafuta chakula kuja kupigana na simu yako.

Mbona wamebaki wachache hivyo? Msitu umekatwa miaka mingi kupata mashamba, na kwingine ikapandwa mikaratusi na misonobari. Kilichobaki ni vipande vidogo, na haka kandege ni kagumu kuvuka shamba wazi kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kwa hivyo kila familia imekwama kwake. IUCN imekaweka kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kwa hivyo ukirudi Nairobi bila picha, usijam, hata wazoefu hukakosa. Rudi siku ingine, ulipe mwenyeji tena. Kakiisha hapo Taita, hakuna mahali kwingine utaenda kukatafuta.