Je, Wajua? Gridi ya Umeme Nayo Ina Gurudumu Zito

Ukifika kwenye mashine ya dizeli ya kusaga nafaka, litazame gurudumu zito la chuma ubavuni mwa injini. Debe la mahindi likimiminwa kwa mpigo, injini huguna lakini haizimi, kwa sababu gurudumu lile limejilimbikizia nguvu katika mzunguko wake. Wanafizikia huiita hali hiyo inesha.

Je, wajua kwamba gridi nzima husimama kwa namna hiyo hiyo? Mitambo ya maji, gesi na mvuke ina rota za makumi, hata mamia ya tani, zote zikizunguka sambamba ili mkondo upige mizunguko 50 kila sekunde. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, rota zilizobaki huachia papo hapo, kwa sekunde chache, sehemu ya nguvu ya mzunguko wake. Sekunde hizo chache ndizo zinazowahi kuokoa gridi, wakati mitambo mingine inaongeza uzalishaji.

Paneli ya sola haina kinachozunguka. Mapanga ya upepo yanazunguka, lakini umeme wake hupitia vifaa vya kielektroniki kabla ya kuingia gridini, kwa hiyo uzito wake hausaidii moja kwa moja.

Hatari ya inesha ndogo ilionekana tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba ilipoangusha minara ya umeme katika jimbo la South Australia. Baadhi ya mitambo ya upepo ikapunguza uzalishaji, kisha njia ya umeme kutoka jimbo jirani la Victoria ikajikata. Masafa ya mkondo, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, yaliporomoka upesi mno, hata vifaa vya kupunguza mzigo kwa awamu havikuwahi. Wateja wapatao 850,000 wakabaki gizani.

Kwa miaka mingi wahandisi waliikadiria inesha kwa kuhesabu tu mitambo mikubwa iliyowashwa. Huko Teesside, Uingereza, kampuni ya Reactive Technologies sasa inatumia kapasita kubwa kusukuma vipigo vidogo vya umeme gridini, na vipimaji vilivyotawanywa husoma masafa yameyumba kiasi gani. Ni kama kugonga mtungi ili kujua maji yaliyobaki: masafa yakiyumba sana, inesha ni ndogo.

Ili kuongeza inesha, Ireland nayo imeweka gurudumu la tani 130 huko Moneypoint, kituo kilichochoma makaa ya mawe hadi 2025. Linazungushwa na umeme wa gridi yenyewe.

Kwa hiyo, nchi inayojenga mashamba ya sola iweke vipimaji vya inesha katika bajeti ile ile ya paneli.